Mzee X apumzike: saiba zetu zinahitaji Wayland

Leo naweka kando mambo ya simu, niongee juu ya kitu ambacho watumiaji wa Linux tunakitumia kila siku bila kukiona: ile programu inayochora madirisha kwenye skrini na kupeleka unachoandika kwenye dirisha linalofaa. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na X Window System. Wengine huiita X11, wengine Xorg, na wengi husema X tu.

Sasa X inaondolewa. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka Mei 2025, haina seva ya Xorg. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilikuja na kikao cha X kikiwa kimezimwa. Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 ikakiondoa kabisa upande wa GNOME. Novemba 2025 KDE nao wakatangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland pekee. Wayland ndiye mrithi.

Huko Ulaya na Marekani mabishano ni makali. Wanabishania michezo, skrini za bei ghali na nani amemdharau nani. Sisi huku Nakuru tuna swali letu: je, mambo haya yanamhusu mtu mwenye saiba ya kompyuta kumi za mtumba karibu na stendi, au kule Njoro karibu na Egerton? Mimi nasema yanamhusu kuliko mtu mwingine yeyote. X haifai tena kwenye kompyuta inayotumiwa na umma, na sababu kubwa si urembo wala kasi. Sababu ni neno la siri la mteja.

Kwa nini tuliongee sasa

Najua utasema saiba nyingi hutumia Windows. Ni kweli. Lakini msaada wa bure wa Windows 10 ulifika mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kati ya hizi tunazoziita ex-UK hazikubaliki kwenye Windows 11 kwa sababu ya prosesa au kukosa TPM 2.0. Mwenye saiba ana njia tatu: aendelee na mfumo usiozibwa mapengo, anunue mashine mpya, au aweke Linux. Wengi wanaoniuliza wanataka hiyo ya tatu kwa sababu haina gharama ya leseni.

Basi anayehamia Linux hushauriwa nini? Mara nyingi ataambiwa Linux Mint, kwa kuwa inafanana na Windows. Mint ni nzuri, siikosoi kwa hilo. Lakini Linux Mint 22, iliyotoka 2024, huwasha X usipoiambia vingine. Kikao cha Wayland kwenye Cinnamon kimekuwepo tangu Mint 21.3 ya Januari 2024, ila kwa majaribio. Kwa hivyo mtu anaikimbia hatari moja na kuingia nyingine bila kujua.

X ilitoka wapi

X ilizaliwa 1984 pale MIT, Marekani, ndani ya mradi ulioitwa Project Athena. Toleo la 11, ambalo ndilo tunalo hadi leo, lilitoka Septemba 1987. Mimi sikuwa nimezaliwa, na wengi mnaosoma hapa pia hamkuwa.

Fikiria kompyuta za wakati ule. Chuo kina mashine kubwa chache zenye nguvu, na wanafunzi wana vituo vyenye skrini na kibodi. Programu inaendeshwa kwenye mashine kubwa, dirisha lake linatokea kwenye skrini iliyo jengo jingine. X iliundwa kwa hilo na ililifanya vizuri mno. Wazo lilelile ndilo lililowezesha mradi wa LTSP, ulioanza 1999: seva moja yenye nguvu, na kompyuta kuukuu zisizo na diski zikiizunguka. Shule nyingi zisizo na pesa, Afrika na kwingineko, zilifaidika na mpango huo. Kwa hivyo sina dharau kwa X. Imetulea.

Lakini X ilijengwa juu ya imani kwamba watu wote waliofungua programu kwenye skrini moja wanaaminiana. Kwa hivyo programu yoyote iliyoruhusiwa kuingia kwenye seva ya X inaweza kuuliza nini kinaonekana kwenye madirisha mengine, inaweza kupiga picha ya skrini nzima, na inaweza kusikiliza kila kibonye kinachobonyezwa. Hiyo haikuwa kasoro. Ndivyo ilivyopangwa.

Jaribu mwenyewe

Kama una kompyuta yenye X, fungua dirisha la amri uandike:

xinput test-xi2 --root

Kisha nenda kwenye kivinjari uandike chochote, hata kwenye kile kisanduku kinachoonyesha nukta badala ya herufi. Rudi uangalie dirisha la amri. Kila kibonye ulichobonyeza kimeandikwa pale kwa namba yake. Kugeuza namba hizo kuwa herufi ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Na tazama: hukuombwa neno la siri la msimamizi, hukuvunja kufuli lolote. Amri hiyo ni chombo halali cha kukagua kipanya na kibodi.

Sasa turudi kwenye saiba. Watu huja kufanya nini pale? Mwezi wa Juni wanakimbizana na tarehe 30 kuwasilisha ritani za KRA. Wengine wanaingia eCitizen kuomba cheti cha maadili mema au leseni. Wanafunzi wanaingia HELB na KUCCPS. Kila mmoja anaandika neno la siri, na wengi hutumia neno hilohilo kwa barua pepe. Kompyuta moja inaweza kupokea watu ishirini kwa siku, wote ndani ya akaunti moja ambayo haifungwi tangu asubuhi.

Mteja wa kwanza akiacha kiprogramu kidogo kikiendelea kwa siri nyuma, wale kumi na tisa wanaofuata wameandikwa wote. Hakuhitaji ujuzi mwingi. Kwenye X ameachiwa mlango wazi.

Wayland, iliyoanzishwa 2008 na Kristian Høgsberg, ilibadilisha jambo hili tangu msingi. Programu inaona vibonye pale tu dirisha lake linapotumika. Haijui madirisha mengine yana nini. Ikitaka picha ya skrini, kwenye GNOME au KDE inaomba kupitia mlango maalum, na mtumiaji anaulizwa akubali au akatae. Ile amri ya hapo juu, ukiitoa ndani ya Wayland, haikuonyeshi unachoandika kwenye dirisha la programu ya Wayland.

Nisieleweke vibaya. Wayland si ukuta wa chuma. Kiprogramu kibaya kilicho ndani ya akaunti yako bado kinaweza kuchezea faili za kivinjari chako. Mtu akichomeka kifaa cha kunasa vibonye kati ya kibodi na kompyuta, hakuna programu itakayokuokoa. Na programu za zamani zinazopitia XWayland, ile X ndogo inayoishi ndani ya Wayland, bado zinaweza kusikilizana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana ni muhimu kivinjari kiwe cha Wayland chenyewe, na Firefox imekuwa hivyo bila kuambiwa tangu toleo 121 la Desemba 2023. Lakini kufunga mlango mkubwa ni afadhali kuliko kuuacha wazi kwa sababu dirisha nalo lina ufa.

Kufuli ambalo ni pazia

Jambo la pili ni kufunga skrini. Kwenye X programu ya kufunga skrini mara nyingi ni programu tu kama nyingine, iliyofunika kila kitu na kukamata kibodi. Ikianguka, pazia linadondoka na mezani kwako kunaonekana.

Januari 2021 jambo hili lilitokea kwa Linux Mint. Watoto wa mtumiaji mmoja walikuwa wakibonyezabonyeza kibodi halisi na ile ya kwenye skrini kwa pamoja, kufuli likaanguka, wakaingia. Mint waliziba pengo hilo haraka, na ni sifa kwao. Lakini lile la msingi halikuzibika kwa sababu ndivyo X ilivyo. Kwenye Wayland kuna itifaki ya kufunga kikao ambamo programu ya kufuli ikifa, skrini hubaki imefungwa. Ndivyo kufuli linavyopaswa kuwa, hasa kwa saiba inayouza dakika.

Umri

Oktoba 2023 X.Org walitangaza mapengo ya usalama kwenye maktaba ya libX11. Baadhi yalikuwemo tangu toleo la 1988. Miaka 35! Si kwamba waandishi walikuwa wazembe. Ni kwamba msimbo huo ni mkubwa, ni wa zamani, na wanaouelewa kwa kina wamebaki wachache, tena wengi wao ndio haohao waliokwenda kujenga Wayland.

Vilevile kazi nyingi za X zimeshahama. Kupanga ukubwa wa skrini kulianza kuingia ndani ya keneli ya Linux mwaka 2009. Herufi na michoro huchorwa na programu zenyewe. Kupanga madirisha kunafanywa na kompozita. X imebaki kama dalali: mzigo unatoka kwa mkulima, unapita kwake, unakwenda kwa mnunuzi, kisha unarudi kwake tena ndipo ufike sokoni. Wayland ilimwondoa dalali. Kompozita ndiyo seva yenyewe.

Upande wa pili una hoja

Wapenzi wa X hunitajia methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Nawaheshimu, na hoja zao nyingi si za kupuuzwa.

Kwanza, usimamizi. Mwalimu wa maabara au mwenye saiba anataka kuona skrini zote akiwa kwenye kaunta. Kwenye X hilo lilikuwa rahisi kwa x11vnc, au Epoptes kwa shule. Angalia kwamba urahisi huo ndio uleule anaoutumia mwizi. Wayland imewafungia wote wawili nje, na mwenye haki amepewa njia mpya ambazo hazijakamilika. GNOME ina mfumo wake wa kuangalia skrini kutoka mbali, kompozita nyingine zina wayvnc, lakini hakuna chombo kimoja kinachofanya kazi kila mahali. Hili linauma, na ni haki kulalamika.

Pili, kibodi. Kuna wenzetu hapa Nakuru wanaoandika Kikuyu na wanahitaji ĩ na ũ. Kwenye X walizoea kuita mpangilio wa Kenya wenye tawi la Kikuyu kwa amri moja ya setxkbmap. Amri hiyo haibadilishi kitu kwa programu za Wayland, maana kibodi sasa inasimamiwa na kompozita. Habari njema ni kwamba orodha ya mipangilio ni ileile, ule wa Kiswahili na ule wa Kikuyu bado imo, ila unauchagua kwenye mipangilio ya GNOME au KDE. Lakini aliyeandika hati zake za xmodmap ataanza upya.

Tatu, kompozita ikianguka. Kwenye X msimamizi wa madirisha akifa, programu zako hubaki na anafufuliwa. Kwenye Wayland, kompozita ikifa huenda na kila kitu, ikiwemo barua uliyokuwa hujaihifadhi. KDE wameanza kulitatua kwenye Plasma 6 kwa programu za Qt. Wengine bado.

Nne, kadi za NVIDIA. Draiva yao ilianza kufuata njia ya wengine kwa toleo 495 mwaka 2021, na kadi za zamani zilizoachwa kwenye draiva za nyuma hazikupata. Kama kompyuta yako ina kadi ya aina hiyo, utateseka.

Tano, muda. Tangu 2008 hadi leo ni miaka mingi mno kwa kubishana juu ya itifaki. Hata Canonical walijaribu njia yao, Mir, wakaitangaza 2013, na 2017 wakaachana nayo pamoja na Unity 8, wakarudi GNOME. Muda huo wote mtumiaji wa kawaida aliachwa njia panda.

Nakubali yote matano. Lakini yatazame vizuri: manne ya kwanza ni vitu vinavyokosekana, na kinachokosekana kinaweza kujengwa. Ule mlango wazi wa X hauwezi kufungwa bila kuvunja programu zilizojengwa juu yake. Ukijaribu kuifanya X iwe salama, utafika palepale Wayland ilipo, ukiwa umechelewa. Na msala huu haupiti. Fedora waliuweka mbele 2016, Debian 2019 kwa GNOME. Mwaka 2025 kuna walioichukua X wakaanza tawi lao liitwalo XLibre. Programu huria inawapa haki hiyo. Ila mimi singeweka neno la siri la mteja wangu juu yake.

Mashine kuukuu zitaweza?

Wengi wanadhani Wayland ni ya kompyuta mpya. Raspberry Pi wamejibu swali hilo. Oktoba 2023 walihamisha mfumo wao kwenye Wayland kwa Pi 4 na Pi 5, na Oktoba 2024 wakaleta kompozita nyepesi ya labwc kwa vifaa vyao vyote, hata vile dhaifu. Kama kifaa kidogo vile kinaweza, OptiPlex au ThinkCentre ya mtumba yenye michoro ya Intel itaweza. Kinacholemea mashine yenye RAM ndogo ni GNOME nzima pamoja na kivinjari chenye kurasa ishirini. Itifaki ya Wayland si mzigo. LXQt imekubali Wayland tangu toleo 2.1 la Novemba 2024. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 nayo inayo, ila kwa majaribio.

Ushauri wangu

Kama una saiba au maabara ya shule, fanya hivi.

Kwanza jua ulipo. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye dirisha la amri. Itakujibu x11 au wayland.

Pili, orodhesha vyote vinavyotegemea X: programu ya kuhesabu dakika, ya kuangalia skrini, skana, hati zako za kibodi. Usihamishe kompyuta kumi kwa siku moja. Hamisha moja, iache wiki mbili, waache wateja waisumbue.

Tatu, kwa kompyuta za wateja chagua mfumo ambao Wayland ni ya kawaida: Ubuntu 24.04 yenye msaada hadi 2029, au Debian 13 na Plasma. Kumbuka Debian 13 haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32. Kompyuta ya kaunta, kama lazima itumie chombo cha X, inaweza kusubiri, maana hiyo unaitumia wewe peke yako.

Nne, mpe kila mteja kikao kipya na ukifunge akiondoka. Usimwongeze mtumiaji wa kawaida kwenye kundi la input, kwa maana utakuwa umefungua tena mlango uliofungwa. Na kumbuka Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Siku data za wateja zikivuja kwako, kusema "sikujua X inasikiliza" hakutakusaidia.

Kwa wenzangu tunaoandika programu, nina ombi. Chombo cha kuhesabu dakika na kusimamia saiba, kinachofanya kazi vizuri kwenye Wayland, hakitaandikwa na mtu wa Berlin. Yeye haijui saiba. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wakati hakuna aliyedhani inawezekana. Walioiandika hawakungoja kualikwa. Tunao vijana Egerton, Kabarak na vyuo vya ufundi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na kila mwaka tunaona mifumo ileile ya kusimamia maktaba. Huu hapa mradi wenye wateja tayari kila mtaa.

Na ukikuta kitu kimevunjika kwenye Wayland, usirudi X kimyakimya. Andika taarifa ya hitilafu, useme mashine ni gani, RAM ni ngapi, umefanya nini. Waandishi wa GNOME na KDE hawana kompyuta za mtumba wa 2012 mezani. Sisi tunazo.

Mzee X ametumikia vizuri. Tumshukuru, apumzike. Wewe saiba yako inatumia nini? Niambie, hasa kama umeshahamia Wayland na kuna kitu kimekushinda.